Lubumbashi hadi Kinshasa: kilomita ni zile zile, njia ndiyo inayobadilika

LUBUMBASHI – Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa, kwa mstari ulionyooka angani, ni kilomita karibu 1,550. Ndege ya leo inazimaliza kwa muda wa saa mbili na kidogo. Lakini historia inaonyesha kwamba urefu wa safari hautegemei ramani peke yake. Unategemea pia nani anashika kiwanja cha ndege.

Mji huu, zamani Élisabethville, ulianza mwaka 1910, mwaka ule ule reli ilipoufikia kutoka kusini. Reli ya kwenda Ilebo ilikamilika mwaka 1928. Msafiri wa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, alishuka treni pale, akapanda meli ya mtoni, na safari ikamla siku nyingi.

Ndege zilikuja katika miaka hiyo hiyo. Tarehe 12 Februari 1925 rubani Edmond Thieffry aliondoka Brussels, akafika Léopoldville tarehe 3 Aprili. Zilipita siku 51, ingawa saa za kuruka zilikuwa 75 hivi tu. Zilizobaki zilikwenda kwa kungoja na kutengeneza ndege. Baadaye kampuni ya Sabena iliunganisha Léopoldville na Élisabethville kwa anga.

Kisha siasa ikaifunga njia hiyo. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Kesho yake ndege iliyowabeba Rais Kasavubu na Waziri Mkuu Lumumba ilifika juu ya Élisabethville, lakini Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, akaikatalia kutua. Tarehe 17 Januari 1961 kiwanja cha Luano kilifunguliwa kwa Lumumba, lakini akiwa mfungwa, pamoja na Mpolo na Okito. Usiku ule ule wakauawa.

Mwezi Septemba 1961 Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliondoka Léopoldville kwenda Ndola kuonana na Tshombe. Ndege yake ilizunguka mbali upande wa mashariki ili kuiepuka Katanga na ndege yake ya vita. Ilianguka karibu na Ndola usiku wa kuamkia tarehe 18. Abiria na wafanyakazi wake wote 16 walipoteza maisha.

Jamaa waliokimbia vita vya Kivu wanalijua jambo hili. Goma iko kilomita kama 1,100 tu kutoka Lubumbashi. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliuteka mji ule, na kiwanja chake kikafungwa. Aliyekuwa na mama au mtoto kule alibaki na kilomita zile zile, lakini bila njia ya kuzipita moja kwa moja. Ilibidi kuzunguka kwa barabara, ziwa na mipaka ya nchi jirani.

Kilomita hazikuongezeka. Kilichopungua ni amani, na ikirudi, Goma itakuwa karibu tena.