Edison, kampuni ya Texas, na betri ya ndoto

Mwaka 1883 Thomas Edison alikuwa na hasira na betri. Betri za risasi na asidi, zile za kuchajiwa upya, zilikuwa zimewapagawisha wawekezaji wa Ulaya, na makampuni yaliuza hisa kwa ahadi kwamba umeme sasa utahifadhiwa kama maji kwenye pipa. Edison alipohojiwa alisema, bila kupamba maneno, kwamba kitu hicho ni chambo cha makampuni ya hisa kuwaibia watu. Akaongeza kwamba mtu akishaanza kushughulika na betri, kipaji chake cha kusema uongo huamka. Alikuwa na maslahi yake, bila shaka, maana biashara yake ilikuwa kuuza umeme unaotoka moja kwa moja kwenye jenereta. Lakini hakukosea sana.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 1901 Edison huyohuyo alianzisha kampuni ya betri. Wakati ulikuwa mzuri: mwaka 1900 viwanda vya Marekani vilitengeneza magari mengi zaidi ya umeme kuliko ya petroli, na tatizo kubwa la magari hayo lilikuwa uzito wa betri za risasi. Edison akatangaza betri ya nikeli na chuma, nyepesi, isiyotumia asidi, itakayodumu kuliko gari lenyewe. Magazeti yakaimba. Jina lake lilitosha kuwa ushahidi. Nani angembishia mtu aliyewasha taa mjini New York?

Betri zilipofika kwa wateja zikaanza kuvuja, na nyingine zikapoteza nguvu mapema. Hapa ndipo ninapomheshimu mzee yule. Alisimamisha uzalishaji, akarudi maabara, akakaa huko miaka na kutumia zaidi ya dola milioni moja. Betri iliyotoka karibu na mwaka 1910 ilikuwa imara kweli, ingawa ilidhoofika kwenye baridi na bei yake ilikuwa kubwa. Ila muda ulikuwa umekwenda. Ford alikuwa ameshaanza kuuza Model T tangu 1908, na mwaka 1912 Cadillac ikaja na stata ya umeme, kwa hiyo hata ile adha ya kuwasha injini ya petroli kwa kuzungusha mkono ikaondoka. Betri ya Edison ikaenda kufanya kazi kwenye reli na kwenye taa za wachimba migodi, na huko ikadumu miongo mingi.

Kwa hiyo ahadi kubwa peke yake haimfanyi mtu kuwa tapeli. Kinachonivutia ni kinachotokea siku kifaa kinapowekwa kwenye mizani, na pia kama kinawekwa kabisa.

Miaka mia moja baadaye, mwaka 2001, ilianzishwa kampuni iitwayo EEStor huko Texas. Hawa hawakutaka betri. Walitaka kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme bila mmenyuko wa kikemia, kwa kutumia seramiki ya bariamu titaneti. Hataza yao ya mwaka 2006 ilidai kifaa cha takriban kilo 150 kitakachobeba kilowati-saa 52. Ili uone ukubwa wa dai hilo, Tesla Roadster iliyoingia sokoni 2008 ilibeba kilowati-saa 53, na betri yake ilikuwa na uzito wa takriban kilo 450. Yaani nishati ileile, theluthi ya uzito, na eti kitajaa ndani ya dakika tano.

Hebu tupige hesabu ya darasani. Kilowati-saa 52 ndani ya dakika tano ni zaidi ya kilowati 600. Birika la umeme la nyumbani hula kama kilowati 2. Basi kuchaji gari moja ni sawa na kuwasha mabirika mia tatu kwa pamoja. Hilo peke yake haliwafanyi waongo. Unaweza kujenga kituo kikubwa chenye akiba yake, na leo chaja kubwa namna hiyo zipo. Shida ilikuwa ndani ya seramiki yenyewe. Bariamu titaneti hubeba chaji vizuri sana kwenye volti ndogo, lakini ukiizidishia volti uwezo huo hushuka, kama godoro la sponji ambalo umeshalikalia: ukizidi kukandamiza, halibonyei tena. EEStor walisema yao haishuki hata kwenye volti 3,500. Hapo ndipo wataalamu wa seramiki walipoinua nyusi, na wakaambiwa kwamba hawana maono.

Pesa hazikusubiri wataalamu. Kleiner Perkins, wawekezaji wazito wa California, waliingia mwaka 2005. Lockheed Martin wakasaini makubaliano Januari 2008. Kila jina jipya likawa hoja ya kulileta jina linalofuata: hawa wakubwa wote wangekosea? Sisi waandishi tukalisogeza mbele hivyohivyo. Nasema sisi kwa sababu nami nimewahi kuandika habari ya betri ya maajabu kutoka kwenye taarifa ya kampuni, nikataja wawekezaji wanne, na sikuuliza ina uzito gani.

Aliyebeba mzigo alikuwa ZENN, kampuni ndogo ya magari ya Toronto iliyonunua haki ya kutumia teknolojia hiyo. Ilikuwa ikiuza kigari cha mjini chenye betri za risasi, kisichozidi kilomita 40 kwa saa. Mwaka 2008 ikatangaza gari jipya la kutumia kapasita ya EEStor: kilomita 125 kwa saa, kilomita 400 kwa chaji moja, dakika tano kujaa, na litatoka mwishoni mwa 2009. Wenye hisa wa ZENN hawakuwa Lockheed. Kwa Lockheed ilikuwa karata moja kati ya nyingi. Kwa mtu aliyeweka akiba yake kwenye hisa za kampuni moja ndogo, ilikuwa karata pekee.

Mwaka 2009 yakatangazwa matokeo ya vipimo, na hisa zikachangamka. Kilichopimwa kilikuwa malighafi, si kapasita nzima ikiwa na volti zake 3,500. Mwaka ukaisha bila gari. ZENN ikaacha kutengeneza hata kile kigari chake cha zamani, ikabaki na hisa zake ndani ya EEStor na barua kwa wanahisa zikiomba subira. Mwaka 2015 ikabadili jina, ikajiita EEStor Corporation. Lile gari la kilomita 400 halikuwahi kutoka.