Kutoka Kiti cha Charcot hadi Baiskeli ya Mazoezi: Maana ya Nafuu katika Historia ya Tiba ya Parkinson

Historia ya baiskeli katika tiba ya ugonjwa wa Parkinson aghalabu husimuliwa kuanzia mwaka 2003, pale mtafiti Jay Alberts alipoendesha baiskeli ya watu wawili pamoja na mgonjwa katika safari ya kukatiza jimbo la Iowa, Marekani, na mwandiko wa mgonjwa huyo ukaonekana kuwa mzuri zaidi. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanaanzia katikati.

Katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, Jean-Martin Charcot alisikia kutoka kwa wagonjwa wake kwamba walipata nafuu baada ya safari ndefu za treni au gari la farasi. Akatengenezesha kiti cha kuwatikisa, akakieleza hadharani mwaka 1892. Alifariki dunia mwaka uliofuata. Watafiti wa Chicago walilipima upya wazo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2012: waliotikiswa walipata nafuu, lakini hata walioketi bila kutikiswa waliipata.

Tahadhari hiyo yafaa kwa baiskeli pia. Mwaka 2009 Alberts na wenzake walichapisha uchunguzi wa wiki nane. Wagonjwa walioshurutishwa na mwendeshaji mwenza kukanyaga pedali kwa kasi iliyozidi ya hiari kwa takriban asilimia 30 walipungukiwa na dalili za mwendo kwa asilimia 35; waliojiendeshea wenyewe hawakubadilika. Takwimu hizo zimenukuliwa mno, ilhali washiriki walikuwa 10 tu.

Uchunguzi wa Uholanzi wa mwaka 2019 haukuwa na mwenza wa kushurutisha. Kati ya wagonjwa 130 ambao hali zao hazikuwa mbaya sana, baadhi waliendesha baiskeli ya mazoezi nyumbani mara tatu kwa wiki, dakika 30 hadi 45, kwa miezi sita. Wengine walinyoosha viungo tu. Dalili zilipopimwa kabla ya kumeza dawa, makundi hayo yalitofautiana kwa alama 4.2. Tofauti hiyo ni ya kiasi, lakini kwa maoni yetu ina uzito kuliko ile ya 2009, kwani washiriki walikuwa wengi zaidi. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba waendesha baiskeli hawakupona wala kurudi nyuma katika ugonjwa. Walizorota kidogo, na wenzao wakazorota zaidi. Nafuu aliyoitafuta Charcot ilikuwa ya baada ya kushuka kitini; hii ya 2019 huonekana tu mgonjwa anapolinganishwa na mwingine.