Waridi la Kuka

Waridi la zamani halirithiwi kwa mbegu. Ukipanda mbegu yake, utapata mtoto mwenye tabia zake mwenyewe. Ukitaka lilelile, unakata tawi na kulichomeka udongoni. Likishika, hilo si mtoto. Ni mmea uleule, umeota mizizi mahali pengine. Kwa hivyo waridi linalotambaa kwenye ukuta wetu Bungoma ndilo lile lililotambaa kwenye veranda ya mlowezi Kitale.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwagawia Wazungu waliotoka jeshini mashamba Trans Nzoia. Reli ikafika Kitale mwaka 1926. Pamoja na mahindi na ng'ombe, walowezi walitaka maua ya kwao. Kusini mwa Sahara kuna waridi moja tu la asili, Rosa abyssinica, na makao yake ni milima ya Ethiopia. Yaani waridi la Kitale lililetwa na mtu.

Na aliyelileta siye aliyelimwagilia maji. Sheria ya 1918 iliwataka maskwota wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Wabukusu wengi walivuka kwenda kufanya kazi kwenye mashamba hayo. Kuka, babu yangu, alienda akiwa kijana, akawa shamba boi.

Upande wa pili, Kimilili, miaka ya 1940, maafisa wa kilimo waliwaamuru watu wang'oe Tagetes minuta, gugu lenye harufu kali lililotoka Amerika Kusini. Ni kweli lilisumbua mashamba. Lakini Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, alipinga kazi hiyo ya kulazimishwa. Mwaka 1948 serikali ilimkamata na kumpeleka Lamu, mbali na watu wake.

Sasa fikiria: Mbukusu mmoja anaamriwa ang'oe ua la kigeni, mwingine analipwa alibebee samadi ua lingine la kigeni. Yote mawili ni wageni. Tofauti ni nani aliyelitaka.

Uhuru ulipokuja, mlowezi aliuza shamba akaondoka. Kuka alikata matawi, akayafunga kwa gunia bichi, akayaleta nyumbani kupitia Kamukuywa, Misikhu na Webuye. Kukhu, bibi yangu, anasema mbali na baiskeli, hakurudi na kitu kingine.

Mwaka jana ile nyumba ya Kitale ilibomolewa, shamba likakatwa ploti, na shina mama likaenda na kifusi. Limebaki letu. Nalo baba wadogo wanataka ukuta ushuke wajenge nyumba za kupangisha. Kukhu hakubishana nao. Aliniita mimi, mjukuu aliyeacha chuo na, kwa maoni ya ukoo, mwenye nafasi ya kushughulikia maua.

Shina zee ukilihamisha lote linaweza kufa, kwa hivyo nilianza na matawi. Mwezi wa nne, mvua ikiwa imekolea, nilikata 12, manene kama penseli, yaliyomaliza kuchanua, kila moja lina macho manne. Nikatoa majani ya chini, nikazika macho mawili kivulini, nikafunika kwa chupa za maji zilizokatwa kitako. Usivute kuangalia kama yameshika. Ndiyo njia ya haraka ya kukata mizizi michanga. Subiri machipukizi. Yangu saba yameshika.

Katika historia ya mawaridi, majina ni ya waliozalisha. Jina la Paul wa Uingereza limo katika Paul's Scarlet Climber. Familia ya Barbier ya Ufaransa inatajwa kila Albertine ya 1921 inapotajwa. Aliyelimwagilia miaka 20 haandikwi popote. Kwetu tunaliita Waridi la Kuka, na hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye kila mkebe.

Mkebe mmoja unarudi Kitale. Binamu yangu amenunua ploti huko, na hati ina jina lake.