Foleni ya data ikikwama, kosa hutafutwa mbele yake

Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, magari yaliyosafiri kati ya Mombasa na Malindi yalilazimika kuvushwa kwa feri. Feri ilipochelewa au kuharibika, foleni ilirefuka barabarani. Dereva aliyekuwa mkiani aliiona foleni tu. Chanzo chake kilikuwa kivukoni.

Kanuni hiyo ndiyo inayomwongoza fundi wa tarakilishi anayesimamia programu za kusafirisha data. Foleni iliyokwama huonyesha mahali data ilipolundikana, lakini kosa lenyewe kwa kawaida huwa mbele ya foleni hiyo.

Programu za aina hii huchukua data inakozalishwa, huichambua au kuibadilisha umbo, kisha huifikisha inakohitajika. Mojawapo ya zile zinazotumika sana ni Apache NiFi. Ilianza mwaka 2006 ndani ya Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani (NSA), ikakabidhiwa taasisi ya Apache Software Foundation mwaka 2014, na tangu hapo hutolewa bila malipo.

Ndani ya NiFi kazi hugawanywa katika hatua, na kati ya hatua moja na nyingine huwapo foleni. Kila foleni huja na vikomo viwili ambavyo msimamizi anaweza kuvibadilisha: vipande 10,000 vya data, au ujazo wa gigabaiti 1. Kimojawapo kikifikiwa, hatua iliyo nyuma husimama hadi nafasi ipatikane. Hiyo ni kinga, kwani bila ya kikomo data ingeweza kurundikana hadi kuilemea seva nzima.

Hatua moja ikisimama, foleni iliyo nyuma yake nayo hujaa, kisha ile ya nyuma zaidi, hadi kufika kwenye chanzo. Ndiyo maana fundi anaweza kukuta foleni tano zimegeuka nyekundu ilhali kosa ni moja tu.

Namna ya kuchunguza

Kwanza, data ifuatwe inakoelekea hadi kwenye foleni ya mwisho iliyojaa. Hatua inayofuata foleni hiyo ndiyo ya kushukiwa. Huenda mtu aliisimamisha ili airekebishe, akasahau kuiwasha. Huenda pia imekuwa batili kwa sababu huduma inayoitegemea, kama vile muunganisho wa hifadhidata, imezimwa.

Pili, ikiwa hatua hiyo inafanya kazi, daftari la matukio lisomwe ili kubaini kama upande wa kupokea unaitikia. Nywila iliyobadilishwa, cheti cha usalama kilichopitwa na muda, hifadhidata iliyojaa au mtandao uliokatika, vyote huzuia upokeaji. Aidha, kipande kilichoshindikana huweza kuwekwa kando kwa muda, kwa kawaida sekunde 30, kabla ya kujaribiwa tena. Katika muda huo kitaonekana foleni bila ya kuchukuliwa.

Tatu, kasi ipimwe. Data inaweza kuwa inatoka, ila inaingia kwa wingi zaidi. Kwa kawaida kila hatua hupewa kazi moja kwa wakati mmoja. Idadi hiyo inaweza kuongezwa, lakini programu nzima ina idadi maalumu ya kazi inazoweza kuzitekeleza kwa pamoja. Zikiwapo kazi zinazongoja jibu lisilokuja, hatua nyingine hukosa zamu.

Nne, nafasi ya diski ikaguliwe. Diski ikijaa, hakuna hatua inayoweza kuandika kitu kipya.

Tano, mizunguko itazamwe. Hatua mbili zikirudishiana data iliyoshindikana, na foleni zote mbili zikajaa, kila moja humngoja mwenzake na hakuna inayosogea.

Hata hivyo, wengi hukimbilia kupandisha kikomo cha foleni. Hilo husaidia pale tu ambapo wingi wa data ni wa muda mfupi. Vinginevyo ni sawa na kupanua barabara inayokwenda kwenye feri ile ile.

Funzo kutoka Ngomeni

Hatari kubwa zaidi ni kuifuta foleni ili kazi iendelee. Thamani ya data inayongoja inaonekana wazi katika historia ya kituo cha anga za juu cha Luigi Broglio, kilichoko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ambacho Italia imekuwa ikikiendesha.

Kituo hicho kilipokea data ya setilaiti ya BeppoSAX, iliyotengenezwa na Italia kwa kushirikiana na Uholanzi. Setilaiti hiyo ilirushwa tarehe 30 Aprili 1996 na kufanya kazi hadi mwaka 2002. Iliizunguka dunia karibu na ikweta kila baada ya dakika 96 hivi, ikihifadhi data katika kumbukumbu yake. Ilipopita juu ya Malindi, ilikuwa na dakika chache tu za kuishusha. Kumbukumbu yake ilikuwa foleni, na Malindi ilikuwa kivuko.

Tarehe 28 Februari 1997 BeppoSAX ilinasa mlipuko wa miale ya gama. Saa chache baadaye ilielekezwa huko tena, ikaona mng'ao wa eksirei uliobaki baada ya mlipuko. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanasayansi kuuona mng'ao wa namna hiyo, nao ulififia katika siku zilizofuata. Data hiyo isingeweza kukusanywa upya.

Kwa hiyo, kabla ya kufuta foleni, fundi hana budi kujibu maswali matatu. Je, nakala ya data bado ipo inakotoka? Je, ni foleni nzima yenye hitilafu, au ni kipande kimoja kibovu kinachoweza kutengwa? Je, ni nani anayeingoja data hiyo, na ameshaarifiwa?

Uangalifu huohuo unahitajika katika kuweka muda wa data kuisha. NiFi haiweki muda huo yenyewe. Msimamizi akiuweka, data iliyokaa kupita kiasi hutupwa, na foleni huonekana imepungua ilhali hakuna kilichofika.

Baada ya marekebisho, idadi ya vipande vilivyotoka kwenye chanzo ilinganishwe na ya vilivyopokelewa mwisho wa safari. Foleni ikiwa tupu na hesabu hizo zikakosa kulingana bila ya sababu inayojulikana, uchunguzi haujakamilika.