Yungiyungi la Mashyuza

Mwaka 1987 Eberhard Fischer, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, alikuta kwenye chemchemi ya maji moto ya Mashyuza, huko Bugarama, yungiyungi dogo kuliko yote yanayojulikana duniani. Jani lake huweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Likapewa jina la kisayansi, Nymphaea thermarum. Sisi wa Rusizi chemchemi hiyo tunaijua kwa kuoga (amashyuza kwa Kinyarwanda ndiyo maji moto yenyewe). Habari za ua zilitufikia wengi wetu kutoka ng'ambo.

Hili si yungiyungi la kuelea kwenye maji ya kina. Liliota katika tope la pembeni, pale maji yalipopoa hadi nyuzi 25 hivi, kwenye eneo dogo mno. Maji yalipoelekezwa mashambani tope lilikauka, na kufikia mwaka 2008 halikuonekana tena. Ni rahisi kumlaumu mkulima. Mimi simlaumu: bonde la Bugarama linaishi kwa mpunga, na ua lisilolika wala kuuzika lingeshindana vipi na mpunga?

Bahati ni kwamba Fischer alikuwa amepeleka mimea michache katika bustani ya Bonn. Mbegu zilipofika Kew, London, ziliota, lakini miche ikawa inakufa majini. Mtunza bustani Carlos Magdalena alijaribu mengi, hadi mwaka 2009 akatambua kwamba kuizamisha kulikuwa kunainyima kabonidioksidi. Akaipanda katika vyungu vya udongo, maji ya nyuzi 25 yakiwa usawa wa udongo, yaani akaigiza tope la Mashyuza. Mwaka huohuo ikachanua. Thamani yake ilipanda kiasi kwamba Januari 2014 mwizi aling'oa mche mmoja hapo Kew.

Mwaka 2023 likaonekana tena porini, hukuhuku Mashyuza. Kwa hiyo historia yake haiwezi kuandikwa kama ya kitu kilichokufa Rwanda kikafufuka Ulaya. Kabla ya kuomba miche irudishwe, ningependa tuanze na wazee wa Bugarama, tuwaulize walikuwa wakiliitaje ua hilo kabla ya 1987. Katika masimulizi yote niliyosoma, linaitwa kwa Kilatini tu.