Mapishi ya Amazon yaliyonusurika kufukuzwa kwao

Agosti 2025, miezi mitatu kabla ya mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, COP30, wakazi wa Belém, kaskazini mwa Brazili, walisoma tangazo la zabuni wakashika vichwa. Waraka huo ulitolewa na OEI, shirika la nchi za Kihispania na Kireno lililokabidhiwa kazi ya kuteua wauzaji wa chakula mkutanoni. Kwenye orodha ya vilivyopigwa marufuku, pamoja na chaza wabichi na mayonesi ya kutengeneza nyumbani, vilikuwemo tunda la açaí, tucupi na maniçoba. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa walaji.

Belém haina chakula cha asili kinachovipita vitatu hivyo kwa heshima. Isitoshe, tangu 2015 UNESCO imeutambua mji huo miongoni mwa miji bunifu ya mapishi duniani.

Kuelewa hasira ya wenyeji kunahitaji kuanza na muhogo. Mmea huu uligeuzwa zao la shamba kusini-magharibi mwa Amazon maelfu ya miaka iliyopita. Waliouendeleza hawakuukimbia muhogo mchungu, ambao una kemikali zinazozalisha sianidi. Waliutafutia dawa. Mizizi hukunwa, kisha chicha hujazwa ndani ya tipiti, mfuko mrefu wa kusuka unaofanya kazi ya kifumbu cha kukamulia tui. Ukivutwa, maji hutoka. Yakiachwa yatulie, wanga huzama chini, na maji ya manjano yanayobaki juu huchemshwa kwa muda mrefu mpaka sumu iondoke na mvuke. Hiyo ndiyo tucupi, mchuzi mchachu unaotiwa vitunguu saumu na majani ya kunukia.

Humo ndimo anamopikwa bata wa sikukuu ya Círio de Nazaré, maandamano ya Bikira Maria yaliyoanza 1793 na ambayo sasa hufanyika kila Oktoba. Humo pia ndimo inamotoka tacacá, inayonywewa jioni barabarani kwenye bakuli la kibuyu: tucupi ya moto, uji mzito wa wanga, kamba waliokaushwa, na jambu, mboga inayotia ganzi ulimi.

Maniçoba inatoka kwenye majani ya muhogo huohuo. Husagwa na kuchemshwa kwa siku saba hivi, kisha nyama za nguruwe hutiwa. Mla kisamvu wa Tanga au Kigoma hahitaji kuelezwa zaidi: muhogo wake ulivushwa kutoka Brazili na Wareno kuanzia karne ya 16, na mwiko wa kutokula majani yake mabichi anaujua.

Wazungu walipofika, walikuta meza imekwisha andaliwa. Padri Gaspar de Carvajal, aliyeteremka mto Amazon na Francisco de Orellana mwaka 1541 na 1542, aliandika habari za vijiji vyenye chakula tele na kasa wa mtoni waliofugwa ndani ya nyua. Wareno waliasisi Belém mwaka 1616. Ngano ikawa haba, nao wakajifunza kula unga wa muhogo.

Hata hivyo dharau haikuisha. Padri Mjesuiti João Daniel, aliyeishi katika eneo hilo tangu 1741 hadi alipofukuzwa 1757, aliandika kitabu kikubwa juu ya mto huo akiwa gerezani Ureno, ambako alifia 1776. Alieleza vyakula vya wenyeji kwa undani, kisha akashauri muhogo uachwe, zilimwe nafaka kama ngano. Waliompuuza hawakukosea.

Enzi ya biashara ya utomvu wa mpira ilileta utajiri na wahamiaji, ikapita. Mwaka 1972 mpishi Paulo Martins na mama yake, Anna Maria, walifungua mgahawa wa Lá em Casa, na chakula kilichodharauliwa kama cha barabarani kikaanza kuandaliwa kwa wageni wa heshima.

Ndipo ikaja zabuni ya 2025. Saulo Jennings, mmoja wa wapishi mashuhuri wa Pará, jimbo la Belém, alipinga hadharani, akiona kwamba waliotukanwa ni watu wenyewe na urithi wao. Waziri wa Utalii wa wakati huo, Celso Sabino, naye mzaliwa wa Pará, aliingilia kati. Haukupita muda, waraka ukarekebishwa na vyakula vyote vitatu vikarudishwa.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia: hatari ipo. Açaí isiyosafishwa imewahi kuambukiza watu ugonjwa wa Chagas, pale mdudu mfyonza damu au kinyesi chake kinaposagwa pamoja na matunda. Lakini Pará ilishaweka kanuni mwaka 2012: matunda yapitishwe kwenye maji ya nyuzi 80 kwa sekunde 10 kabla ya kusagwa. Aliyeandika zabuni angeweza kudai kanuni hiyo ifuatwe. Badala yake alichagua kufuta.

Katika miaka ya karibuni açaí imesambaa duniani ikiwa barafu tamu ya vijana wa mazoezi, huku Belém ikiendelea kuila bila sukari, na unga wa muhogo na samaki wa kukaanga. Soko la nje limepandisha bei kwa familia ambazo tunda hilo ni chakula chao cha kila siku. Kuvirudisha vyakula hivi kwenye waraka wa mkutano wa majuma mawili ni ushindi mdogo. Kazi iliyobaki ni kuwaweka wakamuaji wa tucupi na wasagaji wa açaí kwenye kamati zinazotunga kanuni za usalama, maana hao ndio waliorithi ujuzi wa kuitoa sumu kabla maabara haijaipa jina.