Kuchapa Nyumbani: Uhuru wa Nani?

Vijiweni husemwa kwamba kazi ya kuchapa ukiwa nyumbani ililetwa na kompyuta, na kwamba ililetwa ili kutukomboa. La kwanza lina nusu ya ukweli. La pili, ndugu msomaji, hebu tulipekue.

Kabla ya kompyuta palikuwa na sigara. Mwaka 1884 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuzuia sigara kutengenezwa katika nyumba za kupanga, ambamo familia zililala, zikapika na kusokota tumbaku humo humo. Mwaka 1885 mahakama ya rufani ya jimbo hilo, katika shauri la Jacobs, ikaifuta. Majaji waliona si halali kumlazimisha fundi atoke nyumbani kwake ndipo apate riziki. Maneno matamu, lakini utamu wake waliula zaidi wenye biashara, ambao hawakuhitaji kujenga karakana wala kulipia taa. Ubishi ukaendelea miaka nenda miaka rudi. Mwaka 1938 Marekani iliweka kima cha chini cha mshahara, ikaonekana hakishikiki kwa mtu anayeshona jikoni kwake. Basi mwaka 1942 na 1943 serikali ikapiga marufuku kazi za nyumbani katika matawi saba ya mavazi na mapambo.

Sasa tuje kwenye taipu. Mjerumani mmoja wa IBM, Ulrich Steinhilper, aliyewahi kuwa rubani wa vita, ndiye aliyeanza katika miaka ya 1950 kuizungumzia kazi ya maandishi kama kitu cha kuchakatwa, mithili ya hesabu. Mwaka 1964 IBM ikauza taipureta iliyounganishwa na tepu ya sumaku. Aliyewahi kupiga taipu ya zamani anajua maana yake. Zamani ukikosea mstari, au bosi akibadili sentensi moja, unarudia ukurasa mzima. Sasa maneno yalikaa kwenye tepu. Unasahihisha palipoharibika, mashine inamalizia yenyewe. Jasho la mchapaji likawa kitu cha kuweka akiba, kusafirisha na, angalia hapa, kuhesabu.

Mwaka 1973 Jack Nilles, mhandisi wa Los Angeles, akaanza kupigia debe wazo la kupeleka kazi kwa mfanyakazi kwa njia ya simu badala ya mfanyakazi kusongamana barabarani. Mwaka 1980 Alvin Toffler akaitabiria dunia nyumba zenye kompyuta, baba na mama wakifanya kazi karibu na watoto. Huko Chicago, benki ya Continental Illinois ilikuwa tayari imejaribu kuwapa wachapaji wachache mashine majumbani mwao.

Mimi nami naishi kwa kuchapa. Tasnifu za wanachuo, mihutasari ya vikao, barua za kuombea kazi. Nalipwa kwa ukurasa. Umeme ukikatika saa tatu, saa hizo tatu ni zangu, si za mteja. Ndiyo maana nilipokutana na habari ya Sacramento nilikaa nayo kutwa nzima. Mwaka 1985 wanawake wanane waliokuwa wakiingiza madai ya bima kwenye kompyuta nyumbani kwao waliishitaki kampuni iliyowapa kazi. Wao walisema ni waajiriwa. Kampuni ikasema ni wakandarasi wanaojitegemea. Neno moja tu kwenye mkataba, na likizo imekwenda, bima ya afya imekwenda.

Vyama vya wafanyakazi vililiona hilo mapema. Mwaka 1983 shirikisho lao kuu, AFL-CIO, lilitaka kazi ya kompyuta nyumbani ipigwe marufuku kabisa, kama ile ya ushonaji. Kwa maoni yangu waliona ugonjwa wakataka kumzika mgonjwa. Mama mwenye kichanga, asiye na wa kumwachia, angefanyaje? Uingereza, tangu mwaka 1962, Stephanie Shirley alikuwa akiendesha kampuni ya wanawake walioandika programu za kompyuta nyumbani, kwa penseli na karatasi. Baadaye wafanyakazi wake wakapata hisa. Najua programu si taipu, na ujuzi adimu huleta bei nzuri. Lakini nyumba ni nyumba, na watoto walilia kule vilevile. Kilichotofautiana ni nani alishika daftari la hesabu.

Mwaka 2020, korona ilipofunga maofisi, mamilioni ya watu walibeba kompyuta wakaenda nazo nyumbani. Wengi wa hao walikwenda na mishahara yao ya mwezi, wakaambiwa hii ndiyo kazi ya kisasa. Anayelipwa kwa ukurasa hakuitwa kwenye sherehe hiyo.

Na bado karatasi ipo. Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha huko Geneva Mkataba namba 177 wa kazi za nyumbani, ukaanza kutumika mwaka 2000, Finland na Ireland zikiwa zimetangulia kuuridhia. Unataka mfanyakazi wa nyumbani atendewe sawa na waajiriwa wengine, malipo yakiwemo. Kifungu cha kwanza kinamtaja kuwa ni yule anayefanya kazi kwa ujira, katika nyumba yake au mahali pengine alipochagua, kwa jinsi mwajiri alivyoagiza. Anayejitegemea kweli kiuchumi hamo. Ila kinaongeza, na mchapaji yeyote akisome mara mbili, kwamba haijalishi mashine ni ya nani.